Nyumba kama ya Armstrong: nianze na msanifu au na kijito?

*"Shikamoo mwalimu. Nina karakana Mbeya mjini, natengeneza mashine za kukoboa na kupukuchua mahindi. Ya kupukuchua nimeibuni mwenyewe na ndiyo inayonilisha. Sasa nataka kujenga nyumba kubwa nyumbani Tukuyu, kwenye shamba alilotuachia baba, ambako kuna kijito kisichokauka. Nimeangalia video ya Mwingereza wa zamani, William Armstrong. Alikuwa wakili tu, hakusomea uhandisi, akawa mvumbuzi, akatajirika, akajijengea jumba liitwalo Cragside chumba kwa chumba bila msanifu, na likawa nyumba ya kwanza duniani kuwaka taa kwa nguvu ya maji. Nikasema huyu ndiye mimi. Kaka yangu mkubwa anapinga. Anasema utajiri wa yule mtu ulitokana na mizinga, na kwamba nikijenga bila msanifu na kutegemea kijito nitatupa pesa. Nguzo ya mwisho ya umeme iko kama kilomita mbili kutoka shambani. Nani yuko sahihi?"*

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona swali lenyewe limejificha nyuma ya Armstrong. Unataka kujua kama fundi aliyejifunza kwa mikono yake anaweza kuiamini akili hiyohiyo anapoingia kwenye ujenzi. Kaka yako amekuambia hapana, video imekuambia ndiyo. Mimi nimefundisha mitambo ya maji miaka mingi na Armstrong nimemsoma kwa karibu, kwa hiyo nitakujibu kupitia maisha yake. Huyo wa kwenye video namtambua kwa sura tu.

Tuanze na hilo la "wakili tu". Uwakili ni kweli. Alizaliwa Newcastle upon Tyne, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 26 Novemba 1810, mtoto wa mfanyabiashara wa nafaka ambaye baadaye alikuwa meya wa mji. Baba alitaka mwanawe awe mwanasheria, na mwana akatii. Alifundishwa kazi na rafiki wa familia, Armorer Donkin, na mwaka 1835 akawa mbia katika ofisi hiyo. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashine. Katika miaka hiyo, akivua samaki katika bonde la Dentdale, alikaa akalitazama gurudumu la maji lililokuwa likiendesha mashine za machimbo ya marumaru. Maji yaliporomoka kutoka juu sana mlimani, na gurudumu likachukua kipande kidogo tu cha mporomoko ule. Kila aliyepita pale aliona gurudumu linafanya kazi. Yeye aliona nguvu inayomwagika bure, na jambo hilo likamkaa kichwani zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 1845 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya kuleta maji ya bomba Newcastle kutoka mabwawa ya Whittle Dene. Mabwawa yako juu, gati liko chini kando ya mto, kwa hiyo mabomba ya huko chini yalikuwa na presha kubwa kuliko walivyohitaji watu wa kuchota ndoo. Armstrong akaomba kreni moja ya gatini aibadilishe iendeshwe na presha hiyo. Mwaka 1846 kreni ikawa inapakua meli haraka kuliko zile za kuzungushwa kwa mikono. Mwaka 1847 ndipo alipoacha uwakili, akiwa na miaka 36, na kufungua kiwanda Elswick, kando ya mto Tyne.

Video imeruka mpangilio huo, nami nakuomba uuangalie vizuri. Alipoacha uwakili, kreni ilikuwa imeshafanya kazi mbele ya macho ya watu. Wenye hisa walikuwepo, na mmoja wao ni Donkin, yuleyule bosi wake wa sheria. Mwaka mmoja kabla, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza, Royal Society, ilikuwa imeshamchagua kuwa mwanachama kwa kazi zake za umeme utokanao na mvuke. Kwa hiyo cheti hakuwa nacho, ila waliojua mambo walikuwa wamempima na kumkubali. Wewe mashine yako ya kupukuchua inakulisha, maana yake wateja wamekupima. Katika hilo unafanana naye kweli, na kaka yako akiri.

Sasa nikueleze siri ya mashine zake, kwa sababu ndiyo utakayokwenda nayo kijitoni. Maji yanapokaa juu yanabeba nguvu kwa sababu ya uzito wake. Tangi lako likiwa mita 10 juu ya bomba, presha bombani ni ya mita 10, liwe tangi la lita 500 au la lita 5,000. Ukubwa wa tangi unaamua kazi itadumu muda gani. Kimo ndicho kinachoamua msukumo. Ndiyo maana bandari ya Grimsby ilijenga mnara wa mita 94, uliokamilika mwaka 1852, kwa ajili ya kuweka maji juu ili yaendeshe mitambo ya bandari. Mnara huo bado umesimama, na ni mzuri, umeigwa kutoka ukumbi wa mji wa Siena nchini Italia. Lakini wakati unamalizika ulikuwa umeshapitwa na wakati, na aliyeupitisha ni Armstrong mwenyewe. Sehemu nyingine hukohuko Uingereza, kwenye gati la New Holland, ardhi ilikuwa mchanga usioweza kubeba mnara. Akabuni silinda kubwa iliyosimama wima, ndani yake pistoni, na juu ya pistoni sanduku lililojazwa mawe na vyuma chakavu, uzito wa tani nyingi. Pampu ya mvuke inasukuma maji chini ya pistoni na kuuinua uzito polepole; kreni ikihitaji nguvu, uzito unashuka na kuyasukuma maji yatoke kwa kishindo. Presha aliyoipata ilikuwa sawa na ya mnara wa zaidi ya mita 400, na hakuna aliyejenga mnara. Kwa njia hiyo aliendesha mageti ya bandari, daraja la kuzunguka la Newcastle mwaka 1876, na mitambo ya Tower Bridge ya London mwaka 1894.

Kuhusu mizinga, kaka yako hajakosea, ila amefupisha. Vita vya Crimea vilianza mwaka 1853, Uingereza ikaingia mwaka uliofuata, na Armstrong aliposoma jinsi askari walivyohangaika kuburuta mizinga mizito kwenye matope, akabuni mzinga mwepesi wa kupakiwa kwa nyuma, wenye mifuo ya ndani inayoizungusha risasi. Hataza za mzinga huo, yaani haki za uvumbuzi, alizikabidhi serikali bila malipo, akapewa cheo cha Sir mwaka 1859. Serikali iliporudia mizinga ya kupakiwa kwa mbele, alijiuzulu mwaka 1863 kazi yake ya uhandisi wa mizinga serikalini, na kuanzia hapo kiwanda kikaziuzia nchi za nje. Baadaye Elswick ikaunda hata meli za kivita za Japani na Chile. Kwa hiyo fedha za Cragside ni za kreni na za mizinga pamoja, na mimi sioni haja ya kuzitenganisha ili tumpende zaidi. Kuna jingine, ambalo wewe mwenye karakana litakugusa: mwaka 1871 mafundi mitambo wa Newcastle waligoma kwa miezi mitano wakidai kufanya kazi saa tisa kwa siku, na Armstrong alikuwa upande wa waajiri waliokataa. Mafundi walishinda. Mtu huyohuyo aliwapa wakazi wa Newcastle bonde lake la Jesmond Dene liwe bustani ya umma. Ukimtaka Armstrong, mchukue mzima.

Tuje kwenye nyumba.

Rothbury, ndiko iliko Cragside, alipajua tangu utotoni, alikuwa akipelekwa huko kwa sababu ya kifua chake dhaifu. Mwaka 1863, mwaka uleule wa kujiuzulu, alinunua kipande cha ardhi kwenye korongo la kijito cha Debdon, akajenga nyumba ndogo ya mapumziko na uvuvi. Ilikaa hivyo miaka kadhaa. Mwaka 1869 akamwita msanifu majengo Richard Norman Shaw, aliyekuwa na miaka 38, ambaye baadaye alisanifu makao makuu ya polisi ya London, New Scotland Yard. Inasimuliwa kwamba siku moja wageni wote walikwenda kuwinda, Shaw akabaki ndani, na waliporudi jioni wakakuta ameshachora nyumba yote itakavyokuja kuwa. Ujenzi ukaendelea kipande kwa kipande karibu miaka 15: maktaba, mnara, ukumbi wa picha, na mwishoni sebule kubwa yenye meko ya marumaru inayotajwa kuwa na uzito wa tani 10, iliyobuniwa na msaidizi wa Shaw, W. R. Lethaby. Sebule hiyo iliwahi ziara ya mrithi wa kiti cha ufalme mwaka 1884.

Kwa hiyo "chumba kwa chumba" ni kweli. "Bila msanifu" ni uongo wa wazi, na ajabu ni kwamba mtu aliyeweza kutengeneza karibu kila kitu ndani ya nyumba ile ndiye aliyeona aajiri mwingine wa kuichora. Lifti inayoendeshwa na maji, vyuma vya kuchomea nyama jikoni vinavyozungushwa na maji: hayo yalikuwa yake. Mapaa, mabomba ya moshi, namna nyumba inavyokaa juu ya mwamba kama imeota pale: hayo ya Shaw.

Tena, hata kwa Shaw nyumba inayokua kidogokidogo ina gharama yake. Ukiitazama Cragside kwa nje inapendeza. Ukiifuata ramani yake ya ndani unachoka. Korido ni ndefu, na mapaa yana vimo vingi visivyohesabika. Hili lichukulie kwa uzito, kwa sababu wewe unajenga Tukuyu, si Makambako. Kila mahali paa jipya linapokutana na la zamani ni mahali pa kuvuja, na kwa mvua ya Rungwe utalijua ndani ya mwaka wa kwanza. Kujenga kwa awamu sikukatazi, watu wetu wengi hujenga hivyo kwa kadiri pesa inavyopatikana. Ila ramani iwe ya nyumba nzima tangu mwanzo, msingi na mwelekeo wa mapaa vikijua awamu ya tatu itakaa wapi. Hiyo ndiyo kazi ya ile siku moja ya Shaw.

Na umeme? Video imepatia karibu yote. Mwaka 1878 Armstrong aliweka dainamo ya Siemens iliyozungushwa na turbini ya maji, akawasha taa ya cheche za umeme kati ya ncha za kaboni kwenye ukumbi wa picha. Taa hiyo ilikuwa kali, yenye kelele, na mwanga wake uliwafanya watu waonekane kama wagonjwa. Desemba 1880 akaibadilisha kwa taa za balbu za rafiki yake Joseph Swan, fundi kemia wa hukohuko Newcastle. Swan alikuwa ameshawasha balbu zake nyumbani kwake mwenyewe, kwa hiyo Cragside haikuwa nyumba ya kwanza ya balbu. Sifa yake ni kuwa ya kwanza kuwaka umeme uliotokana na maji. Kwenye maktaba baadhi ya taa zilikaa juu ya vyombo vya maua vya shaba, kitako kikitumbukia kwenye kikombe cha zebaki. Ukiinua taa, inazimika. Usiige hilo. Mvuke wa zebaki ni sumu.

Kuna tarakimu mbili katika maelezo aliyoyaandika mwenyewe mwaka 1881 ambazo huwapa wanafunzi wangu kila mwaka. Nyumba ilikuwa na balbu 45, lakini kwa kuzima chumba kimoja na kuwasha kingine, hakuhitaji kamwe kuwasha zaidi ya 37 kwa wakati mmoja. Tajiri yule, mwenye kiwanda cha maelfu ya watu, alihesabu balbu! Ya pili: turbini ilikuwa yadi 1,500 kutoka nyumbani, na kwa kuwa umeme lazima uende na urudi, alilaza yadi 3,000 za waya mnene wa shaba. Umeme ukisafiri mbali kwenye waya mwembamba unageuka joto njiani, na taa zinafifia. Leo bei ya waya wa shaba inaweza kuishinda bei ya mtambo wenyewe, kwa hiyo kabla hujapenda mahali pa nyumba, jua maporomoko yako yako umbali gani.

Lakini tofauti kubwa kati yako na Armstrong haipo kwenye waya. Yeye alinunua milima. Shamba lake lilifika zaidi ya ekari 1,700, akaziba vijito na kutengeneza maziwa matano, kwa hiyo maji yalikuwa yake yanapoingia, yanapokaa na yanapotoka. Kijito chako kinatoka kwa watu na kinakwenda kwa watu. Yupo jirani chini anayenyweshea ng'ombe na bustani ya viazi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Zidisha lita zinazopita kwa sekunde, mara mita za mporomoko, mara 9.8, utapata wati za maji yenyewe. Mtambo mdogo ukikupa nusu ya hizo ushukuru. Tuseme mwezi wa Oktoba unapata lita 10 kwa sekunde na mporomoko wa mita 15. Hiyo ni kama wati 1,470. Nusu ya maji yaache kijitoni kwa ajili ya jirani na samaki, inabaki 735. Nusu ya hizo ipotelee kwenye mtambo, unabaki na wati kama 360. Zinaonekana chache, lakini zinakuja saa 24, na zinatosha kuwasha taa 37 za LED za wati 9. Unaona? Ni Cragside kabisa. Pasi, hita ya maji na mashine ya kuchomelea zisahau, isipokuwa uwe na betri za kukusanya nguvu za usiku kucha, na hata hapo kwa muda mfupi.

Njia nyingine usizidharau. Kuvuta nguzo kilomita mbili ni gharama, ila ukigawana na majirani picha inabadilika, na ndiyo njia pekee kama unafikiria kuhamishia karakana huko. Sola nayo ina ushahidi usioutarajia: Armstrong huyohuyo, aliyewaonya Waingereza mwaka 1863 kwamba makaa yao yatakwisha, alikadiria kuwa jua linaloangukia ekari moja katika nchi za joto, likitumika lote, lingetoa nguvu ya farasi 4,000 kwa karibu saa tisa kila siku. Nimeipiga hesabu hiyo kwa vipimo vya leo. Ni kama wati 740 kwa kila mita ya mraba, na hakuwa mbali na ukweli. Kwa hali ya hewa ya Rungwe mimi ningechanganya viwili. Wakati wa mvua na ukungu sola inalala lakini kijito kimejaa. Kiangazi kijito kinapungua na jua linatoka. Betri na inveta zilezile zinahudumia vyote.

Sasa mahali ambapo barua yangu haitoshi. Kuchepusha maji hata kidogo kunahitaji kibali, na kwa upande wenu kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Nenda mapema, kabla ya kununua hata bomba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo nyumba isisogelee kijito kwa ajili ya mandhari. Msanifu awe amesajiliwa, aje asimame shambani wakati wa mvua, na kibali cha ujenzi kitoke halmashauri. Kama mahali pa nyumba ni mteremko, tafuta mhandisi aupime udongo kwa kuchimba. Udongo wa volkano ukilowa unaweza kuteleza na msingi wake. Hilo hakuna anayeweza kukuambia kwa picha ya simu. Na lile shamba ni la urithi: kabla ya matofali, maandishi ya mgawanyo yawepo, maana unayejenga ni wewe na aliyeachiwa ni nyinyi.

Kwa hiyo nani yuko sahihi? Kaka kwa msanifu, wewe kwa kijito, kama namba zitakubali. Subiri mwisho wa Oktoba, maji yakiwa machache kabisa. Ziba kwa muda kwa mifuko ya mchanga, yapitishe yote kwenye bomba moja, kinga kwa pipa la lita 200 na uhesabu sekunde. Rudia siku tatu. Mporomoko upime kwa mpira wa maji wa fundi ujenzi, usikadirie kwa macho. Mchukue na kaka yako, yeye ndiye ashike saa. Mwenye kupinga hapunguzi sekunde.